Kipande cha Tatu cha Mjane wa Reli

Vijana wangu wa chama cha wasomaji, mlipomtuma dada yenu mwenye miwani aje kuniomba orodha ya riwaya kumi ambazo kila mtu lazima azisome kabla hajafa, nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kama nimepatwa na kitu. Kumi! Mimi nilianza kuwapendekezea vitabu watu wa Gisenyi wakati mlima Nyiragongo ukiwa bado kichuguu. Hakuna mama aliyeuza vitunguu katika soko lile, hakuna askari aliyepita na bunduki begani, hakuna padri wala fundi baiskeli ambaye hakuwahi kuondoka na kitabu changu kwapani. Haya, labda wachache. Lakini hao wachache hawakujua kusoma, na hata wao walikuja kusikiliza.

Orodha siwapi. Nitawaeleza namna kitabu kinavyompata mtu wake, halafu orodha mtajitengenezea wenyewe. Na kitabu kimoja nitawapendekezea kweli, kwa roho yote, ingawa kina kasoro kubwa ambayo nitaifikia.

Kwanza mjue meza yangu ilivyokuwa. Ilikaa pembeni mwa soko, pale njia inapoteremka kwenda mpakani mwa Kongo, chini ya kipande cha bati, na mbele yake benchi refu. Nilikuwa nakodisha vitabu. Ilikuwa ile miaka ya tisini ikielekea mwisho, na mji ulijaa watu waliorudi, huyu kutoka Tanzania, yule Uganda, mwingine ng'ambo pale Goma, kila mmoja na Kiswahili chake mdomoni. Chini ya nguo katika masanduku yao kulikuwa na vitabu. Nyumba zilikuwa ndogo, watu wengi, basi vitabu vikahamia kwangu. Watu walifunga milango mapema siku zile, na jioni ni ndefu sana kwa mtu aliyefunga mlango mapema. Sikumuuliza mteja alikotoka. Nilimuuliza anataka kwenda wapi, nikamtafutia kitabu cha kumpeleka.

Mimi mwenyewe nilisoma shule ya jioni katika ukumbi wa parokia, nikiwa na ndevu na watoto, nimekaa kwenye dawati la darasa la kwanza hadi magoti yakawa yananigusa masikio. Siku niliyopewa cheti nilikitembeza mji mzima, nikateremka nacho hadi ufukweni, na nawaambieni hata samaki wa ziwa walitoa vichwa kukitazama. Tangu siku ile sokoni hakuna aliyeniita kwa jina langu. Waliniita Diplome, cheti kwa Kifaransa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Feri, aliyekuwa ameshona vitabu miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji huko Bukavu. Alikuwa na sindano ya magunia, uzi wa magunia, na ulimi mkali kuliko hiyo sindano. Ni yeye aliyenifundisha kukata.

Msishtuke. Riwaya nzuri nilikuwa nayo nakala moja tu, na kwenye benchi kuna watu wanaingoja wakinitazama kama naficha chakula. Mzee Feri akasema kitabu kikate vipande vitatu, kila kipande ukishone na jalada lake la boksi, watu watatu wasome kwa pamoja na kupokezana. Niliona kama ananiambia nimchinje mtoto. Lakini nikakata. Na mara ya kwanza nilikata vibaya. Nilifuata sura: sura imekwisha, watu wamekula, wamesali, wamelala, nikaona hapa ndipo pazuri. Wateja wakasoma kipande cha kwanza, wakakirudisha, wakasema asante, hawakuuliza cha pili.

Mzee Feri akakichukua, akafungua ukurasa wa mwisho, akanitazama juu ya miwani yake.

"We Diplome, umekata pale watu wamelala. Sasa nani ataamka?"

"Nikate wapi, Mzee?"

"Kata pale mutu anagonga mulango. Asiingie. Agonge tu."

Tangu siku ile nilikuwa nasoma riwaya nikiwa na kisu mkononi nikitafuta mlango unaogongwa. Niwaambie kitu: riwaya isiyo na mahali hata pamoja pa kukata, hiyo msimpendekezee mtu. Mpeni akaiweke chini ya mguu wa meza.

Gundi tulipika wenyewe, uji mzito wa unga wa mihogo. Panya wakaupenda. Walikula migongo ya vitabu vyangu vyote vya mapenzi, vya kijasusi wakaviacha, sijui kwa nini. Mzee Feri akaniambia niongeze pilipili kidogo. Kidogo! Mimi nikatia kama napikia harusi. Panya walihama, nadhani walivuka mpaka. Lakini akaja koplo mmoja, mtu wa miraba minne, akachukua kitabu changu cha kuchekesha kuliko vyote, kile cha daktari wa meno mwenye jino bovu. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole akifungua ukurasa, halafu anajifuta macho. Akarudi baada ya siku mbili, macho mekundu, akakiweka kitabu mezani kwa mikono miwili.

"Diplome," akasema, "mi sijawahi kulia hivi. Yule daktari ameteseka."

Akawaambia kambi nzima ni kitabu cha huzuni kubwa. Walikuja kukiomba mmoja mmoja, wakaondoka nacho kwa heshima. Sikumsahihisha yeyote. Kitabu kilikuwa kinafanya kazi.

Sasa mambo ya kupendekeza. Usimpe mtu kitabu unachokipenda wewe kuliko vyote, maana asipokipenda mtagombana, nawe utamwona ana sura mbaya. Usimwambie mtu "hiki kitakuliza", atabana machozi kwa ubishi tu. Usimuulize anapenda nini, atakujibu anachodhani watu wenye cheti wanapenda. Mimi niliuliza swali moja: "Nyumbani kwako nani anakuudhi?" Hapo mtu anafunguka. Anayeudhiwa na mama mkwe nampa kitabu chenye mama mkwe mbaya zaidi, ili arudi nyumbani akashukuru. Anayeudhiwa na mumewe bahili nampa kile cha tajiri aliyezikwa na funguo. Na kitabu kikirudi, kinuse. Kikinuka moshi, kimesomewa jikoni. Ukikuta doa la maharage, tazama limeangukia ukurasa gani, maana hapo ndipo mtu alishindwa kuacha kusoma hata kwa ajili ya kula.

Vitabu vyangu vingi vilikuwa vimepoteza majalada njiani, pamoja na majina yao, kwa hiyo benchi ndilo lililovibatiza. Kulikuwa na Wakili Muongo. Kulikuwa na Nyuki, ambacho kilikuwa kitabu halisi cha ufugaji wa nyuki. Na kulikuwa na Mjane wa Reli.

Hicho ndicho nilichosema nawapendekezea. Ni habari ya kituo kimoja kidogo cha treni ambako msimamizi wake ni mtu wa saa: kila kitu kwa dakika yake. Anakuja mjane mmoja na sanduku la bati, anakaa kwenye jukwaa kila siku, hapandi treni, haondoki. Siku moja treni inachelewa kwa sababu yake. Zaidi ya hapo sisemi. Benchi letu lilikuwa na sheria moja tu, kwamba anayemwaga mwisho wa hadithi anawanunulia chai ya maziwa na mandazi wote waliokaa, na siku hiyo watakaa hata wasiokuwepo.

Kipande cha kwanza nilikikata pale mjane anapofungua sanduku. Cha pili nilikikata pale msimamizi anaposhuka kwenye kituo ambacho si chake. Kazi safi. Mzee Feri mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika, jambo alilolifanya mara moja tu tangu azaliwe.

Sasa sikilizeni jinsi Mjane huyu alivyotaka kuniondoa sokoni.

Asubuhi moja, Jumatatu, alikuja Madamu Perpetua. Alikuwa ndiye mkuu mpya wa soko, mwanamke mrefu aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mkononi alishika futi ya kupimia.

"Habari za asubuhi, Bwana. Wewe ndiye unayeitwa Diplome?"

"Ndiye mimi, Madamu."

"Nimeletewa malalamiko. Inasemekana benchi lako limeziba njia, watu wanakaa kutwa hawanunui kitu. Na kuna mfanyabiashara wa mabeseni anaiomba nafasi hii. Kwani wewe unauza nini hasa?"

"Nakodisha hadithi, Madamu."

"Hadithi za kweli?"

"Za uongo, Madamu. Lakini uongo mzuri."

"Soko si mahali pa uongo," akasema. Nyuma yake mwuza nyanya alikuwa anapiga kelele kwamba nyanya zake zote zimechumwa alfajiri ile. Nyanya zenyewe nilikuwa nazifahamu tangu wiki iliyopita, tulikuwa tunasalimiana.

Akasema Ijumaa atarudi kupima, na kama haoni sababu, nafasi inakwenda kwa mabeseni. Mimi, vijana, sikuwa na shamba. Nilikuwa na meza ile, cheti kile, na watoto ambao kila mmoja alikula kama timu ya mpira. Nikaona hapa dawa ni moja. Nikamwambia, "Madamu, kabla ya Ijumaa chukua kitabu kimoja. Kikikuchosha, mimi mwenyewe nitayabeba mabeseni kuyaleta hapa."

Akafikiri. "Kimoja tu," akasema.

Hapo nikaharibu. Niliogopa cheo. Badala ya kumtazama mtu nikaitazama ofisi, nikampa Nyuki, nikidhani kiongozi atapenda kitu cha maendeleo. Mama Esperansi aliyekuwa kwenye benchi akajishika kichwa. Huyu aliuza viazi Mahoko, soko la nje ya mji, na siku za kuleta mzigo mjini alishinda kwenye benchi langu. Alisoma taratibu sana, ukurasa mmoja kati ya mteja na mteja.

"Ayii, Diplome! Unamupa mutu wa kazi kitabu ya kazi? Kesho utauza na mabeseni!"

Kesho yake Madamu akanirudishia Nyuki. "Nimelala ukurasa wa pili," akasema. "Nakushukuru kwa usingizi." Akageuka kuondoka. Lakini kabla hajaondoka mkono wake ulifanya kitu: uliviweka sawa vitabu vyangu mezani, vikubwa chini, vidogo juu, migongo upande mmoja. Hakujua hata kwamba anafanya. Nikasema moyoni, ewe Diplome mjinga, mtu huyu ni msimamizi wa kituo! Anayependa kila kitu mahali pake, mpe kitabu kitakachokivuruga. Agombane nacho.

"Madamu, samahani. Kile kilikuwa cha kupimia tu. Kitabu chenyewe ni hiki."

Akakichukua kipande cha kwanza cha Mjane wa Reli. Kilikuwa chembamba, naye akadhani ndicho kitabu kizima. Sikumwambia. Mzee Feri alinifundisha kwamba anayejua mlango utagongwa hashtuki.

Jumatano nilipofika sokoni nilimkuta amesimama mbele ya meza yangu iliyofunikwa turubai.

"Kiko wapi?"

"Nini, Madamu?"

"Kilichobaki! Amefungua sanduku, ameinama kutazama ndani, halafu karatasi zimekwisha! Hii ni kazi ya namna gani? Na yule mwanamke, kwa nini anaichelewesha treni ya watu? Ningekuwa mimi ningemwondoa jukwaani siku ya kwanza!"

"Kwa hiyo kimekuchosha?"

"Kiko wapi, Bwana?"

Nikamweleza utaratibu. Kipande cha pili kilikuwa kwa Mama Esperansi, na Mama Esperansi siku ile alikuwa kwake Mahoko. Madamu akageuka. Akatoka, akapunga mkono, pikipiki ikasimama.

Yaliyotokea Mahoko sikuyaona, niliyapata kwa Mama Esperansi, na chumvi iliyomo nusu ni yake. Alikuwa nyuma ya rundo la viazi, kipande cha pili mapajani. Madamu akajitambulisha: mkuu wa soko la Gisenyi, anakihitaji kile kitabu.

"Karibu sana, Madamu," akasema Mama Esperansi. "Lakini bado sijamaliza."

"Umebakiza kurasa ngapi?"

"Kidogo tu. Lakini wateja wananisumbua. Bon, tufanye hivi. We kaa hapa uza viazi, mi namaliza."

Vijana, aliuza. Mkuu wa soko la Gisenyi alikaa kwenye kigoda Mahoko akiuza viazi. Tena aliuza vizuri, maana alivipanga, vikubwa huku, vidogo kule, na wateja walivutiwa na mpangilio. Jioni aliondoka na kipande cha pili kwenye mkoba, na vumbi la viazi kwenye sketi.

Mimi huku nilianza kuhesabu siku, kwa sababu nilijua kinachofuata. Kesho kutwa ni Ijumaa, naye atataka kipande cha tatu, na kipande cha tatu sikuwa nacho.

Kilikuwa kwa mgonjwa. Niwaeleze. Tangu mwanzo wa mvua alikuwa anakuja mama mmoja mpole, jina lake Vestina, mgeni mjini, kumchukulia vitabu mtu wa nyumbani kwake. "Ni mgonjwa?" nilimuuliza siku ya kwanza. Akatazama chini, akasema, "Hatoki." Nikahitimisha ni mgonjwa, nikamwonea huruma. Nilimpa kipande cha kwanza cha Mjane, akakirudisha upesi kuomba cha pili. Cha pili kiko Mahoko kwa yule wa ukurasa mmoja kati ya mteja na mteja. Basi nikampa cha tatu, nikisema akae nacho tu karibu na kitanda, asikifungue mpaka cha pili kifike. Unampa mtu mwisho wa hadithi na kumwambia asifungue! Pamoja na cheti changu chote. Kila wiki Vestina alikuja: "Cha pili?" Kila wiki nilimjibu: "Bado, mama. Mwambie apone." Na sikuwahi kumuuliza nyumba yake iko wapi.

Ijumaa ikafika. Benchi lilijaa kuliko siku zote, hata koplo alikuja, akakaa mwishoni benchi likainuka upande wa pili. Mama Esperansi aliacha viazi vyake. Mzee Feri alileta kiti chake mwenyewe. Wote walijua kwamba leo ama meza ama mabeseni.

Madamu akatokea na futi yake. Nyuma yake mwanamume mmoja mfupi, kifua mbele, amebeba mnara wa mabeseni ya plastiki, mekundu, ya bluu, ya kijani. Huyu ndiye mlalamikaji, Papa Jado, aliyekuwa amehamisha biashara yake kutoka Goma. Na nyuma yake, na mnara mwingine kichwani, nani? Vestina.

Madamu hakupima. Alikuja moja kwa moja mezani akaweka kipande cha pili.

"Nimekimaliza. Ameshuka kwenye kituo ambacho si chake. Mtu yule! Mtu wa saa! Cha tatu kiko wapi?"

"Madamu, cha tatu kiko kwa mgonjwa." Nikamgeukia Vestina. "Mama, kumbe nawe umo katika mabeseni? Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Vestina akatua mnara wake taratibu. Akamtazama Papa Jado, mumewe. Akatazama benchi.

"Mugonjwa ni huyu," akasema.

Benchi liliangua kicheko hadi kuku wa jirani wakakata kamba. Papa Jado akawa mwekundu kuliko beseni la juu.

"Nani mugonjwa? Mi si mugonjwa! Mi ni mutu muzima, sipendi watu waone nasoma mambo ya mujane, ni hivyo tu! Na we Diplome, we ni mutu mubaya! Tangu mvua ya kwanza mi nangoja kipande ya pili! Kila wiki bado, bado, bado! Unapatia marafiki yako ya benchi, siye watu wa Goma tunabakia na mwisho mukononi!"

"Papa, nilituma neno usifungue mwisho."

"Nimefungua! We ungeacha? Sasa najua mwisho na sijui namna gani walifika! Silali! Mujane nimemuacha na sanduku, nakuta..."

"Usiseme!" Madamu akapiga kelele.

"Usiseme!" likapokea benchi zima.

Papa Jado akamtazama Madamu. Nikaona macho yake yanabadilika. Mfanyabiashara wa kweli anajua bidhaa akiiona, na wakati ule aligundua ameshika bidhaa adimu kuliko zote sokoni. Akaweka mabeseni chini. Akajikuna kidevu.

"Aa," akasema. "Kumbe Madamu hajui mwisho."

"Papa Jado, nakuonya."

"Naweza kusema sasa hivi. Ni neno mbili tu. Nafasi ni yangu, ama nasema."

Vijana, pale watu walisogea kutoka kila upande. Hata mwuza nyanya aliziacha nyanya zake. Mimi nilimwona Madamu anapima, safari hii bila futi: upande huu mimi na meza yangu ya uongo, upande ule kipande cha tatu. Nikaona kabisa mizani inaelemea wapi. Ningekuwa yeye, ningeitoa meza. Msimamizi ameshuka kwenye kituo kisicho chake, nawe hujui kinachofuata? Ningetoa na benchi.

Mama Esperansi ndiye aliyesema. "Papa, sema basi."

Wote tukamgeukia.

"Sema. Sheria ya benchi, anayemwaga mwisho ananunua chai na mandazi ya watu wote. Hesabu watu. Halafu kipande ya pili iko hapa kwa meza. Ukisema, Madamu anaichukua, anaiweka kwa ofisi, hautaisoma mpaka kufa. Utakufa unajua mwisho, namna ya kufika hujui. Sema, Papa. Mi niko na njaa ya mandazi."

Papa Jado akatazama kipande cha pili. Kilikuwa pale mezani, na jalada lake la boksi lenye harufu ya viazi. Akatazama koplo, ambaye peke yake angekula mandazi ya soko zima. Halafu akainua mnara wa mabeseni, moja, jingine, jingine, na katikati, ndani ya beseni la kijani, kimefungwa kwenye kitambaa cha kitenge, kikatoka kipande cha tatu. Alikuwa anatembea nacho! Mtu anayetaka kunifukuza sokoni alikuwa anazunguka na kitabu changu ndani ya beseni lake.

Wakabadilishana juu ya meza yangu, kwa mkono wa kulia, bila kutazamana, kama watu wa mpakani wanavyobadilisha pesa.

Madamu akaketi mwisho wa benchi. Papa Jado akageuza beseni kubwa, akalikalia, akafungua. Hakuna aliyepima kitu asubuhi ile. Vestina akayapanga mabeseni upande wa pili wa njia, pale penye kivuli cha ukuta, akaanza kuuza, na aliuza kuliko mumewe alivyowahi kuuza. Mchana Madamu alifunga kipande cha tatu. Akasimama, akaikunja futi, akanyoosha sketi.

"Mabeseni yatabaki pale yalipo," akasema. "Pana nafasi zaidi. Na benchi lisogee nyuma hatua moja, njia ipite."

"Ndiyo, Madamu."

"Na mwanamke yule, Bwana Diplome. Bado nasema alikosea kuichelewesha ile treni." Akatia kipande cha tatu kwenye mkoba. "Nitakirudisha Jumatatu. Kuna ukurasa nataka kuurudia."

Nilimwachia. Ungemkatalia wewe?

Meza yangu ilikaa pale miaka mingi baada ya hapo, mpaka magoti yalipokataa. Papa Jado alinipa beseni la kijani. Siku za mvua ndilo lililokuwa nyumba ya vitabu. Madamu naye aliendelea kuurudia ule ukurasa. Jumatatu ikapita, na nyingine. Kila nikimuuliza alisema, "Kesho, Bwana." Halafu akahamishwa kikazi, wakampakilia vitu kwenye gari, nikampungia mkono kwa moyo safi kabisa, na gari lilipopinda kona ndipo nilipokumbuka kilichokuwa kwenye mkoba.

Hiyo ndiyo kasoro niliyowaambia. Kipande cha kwanza na cha pili cha Mjane wa Reli ninavyo, njooni mchukue. Mwisho hakuna. Kwa hiyo kila aliyekisoma tangu hapo alifika kwangu akipiga hodi, nami nikamsimulia mwisho kwa mdomo, sheria ya chai kando, maana hiyo ilikuwa dharura. Nilisimulia vizuri. Kila mwaka ulikuwa mzuri zaidi. Na kila nikifika pale msimamizi anapoivua saa yake, sauti ilitoka ng'ambo ya njia, katikati ya mabeseni: "Si hivyo! Saa hakuvua! Mi nilisoma ile mwisho miezi mizima, ninaijua kama Baba Yetu!" Benchi likagawanyika, nusu wakashika mwisho wangu, nusu wa Papa Jado. Wapo mjini hapa watu waliooana wakishikilia miisho tofauti.

Siku hizi nyinyi mnapeana vitabu kwenye simu, mnaweka nyota. Sawa, wekeni. Lakini kama katika simu hizo kuna mmoja wenu mwenye shangazi au bibi aliyewahi kuwa mkuu wa soko, mrefu, anayepanga kila kitu mahali pake, na kabatini mwake kuna kijitabu chembamba chenye jalada la boksi, mpeni salamu zangu. Mwambieni Diplome ni mzima. Na mwambieni, tafadhali sana, asikirudishe. Papa Jado anakuja kwangu Jumapili baada ya misa, analeta kiti chake, na ile saa bado hatujakubaliana.